Neno la Mkufunzi

Kabiria,
17 Juni 2004

Kaka Kihara,

Naandika kwa hasira. Ijumaa, mkufunzi wa chuo cha walinzi anakosomea Mwaura wangu alinitumia ujumbe kwa simu: "Mwaura passed out today." Unajua sisi tunavyolielewa hilo: kijana amehitimu, amepiga gwaride. Nilipiga vigelegele, nikachinja kuku, nikaita majirani.

Jumapili alipokosa kufika, nikapiga simu. Kumbe "passed out" ya mkufunzi ni kuzimia: mwanangu alianguka juani wakikimbizwa bila maji! Siku mbili alilala hospitalini Upper Hill peke yake, sisi tukila kuku.

Nikamfuata mkufunzi ofisini kwake River Road. Akatabasamu, kaka!

"Mama, hiyo neno iko na maana mingi."

"Si ungeandika 'mtoto ameanguka, kuja hospitali'? Hiyo iko na maana ngapi?"



Mwaura sasa anakunywa uji. Jana aliniuliza, "Mami, mbona mlikawia?" Nikasema tulikosa gari. Sikuweza kumwambia tulikuwa tunamshangilia.

Dada yako mwenye uchungu,
Nyakio