Usinijibu kwa Kalamu

Nyakabanda, Kigali
Mwezi wa kumi, mvua zimeanza

Kwa ndugu yangu Viateur, fundi bora kuliko wote Kayanga tangu siku nilipoondoka mimi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na Pudentienne na wajukuu wote, hata wale ambao sijaambiwa majina yao. Mgongo wako unaendeleaje? Na migomba je, na ile kahawa ya nyuma ya nyumba? Sisi huku tupo, Mungu hajatuchoka. Mlima wa Nyakabanda naupanda bila fimbo, na vijana wanaosimama katikati kuvuta pumzi nawapita, nawaachia salamu.

Usiniulize kwa nini nimekaa kimya tangu mwaka uanze. Posta unaijua. Na usizicheke herufi hizi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, wala mistari inayopanda kilima. Kalamu za siku hizi ni mbovu, na mimi shule niliiacha mapema, wewe ni shahidi.

Sasa kaa kwenye kiti nikupe habari. Rafiki yako amekuwa mtu wa dunia. Jina langu limeandikwa ndani ya kompyuta, wala si kompyuta moja. Subiri nikueleze taratibu.

Unamkumbuka mwanangu Bayingana. Sasa ni mkubwa kwenye ghala moja kule Masoro, kutwa yuko mbele ya kioo cha kompyuta. Amejenga Gahanga, nyumba ina vigae, na amenitengea chumba chenye dirisha linalotazama mahindi ya jirani. Kila akija hunisihi nifunge karakana. Husema redio hazitengenezwi tena, watu wanasikiliza kwenye simu, Mzee pumzika. Mimi humjibu kwamba fundi hupumzika mara moja tu, na siku hiyo huvalishwa suti. Hucheka, lakini namjua. Anangoja sababu moja tu, siku nitakayojiunguza kwa chuma cha lehemu au kuteleza kwenye ngazi, anipakie kwenye gari na meza yangu waigawe.

Kwenye chumba cha nyuma nimempangisha binti mmoja anaitwa Gahongayire, amezaliwa Uganda, anaandika programu za kompyuta ofisini mjini. Mwaka juzi shule moja ilikuwa inatupa kompyuta zake za zamani, nikaokota moja. Ilikuwa imekufa. Nikabadilisha kondensa zilizovimba kwenye sehemu ya umeme, ikafufuka. Gahongayire alishika mdomo. Ndipo akaniwekea ndani yake mfumo usio na mwenyewe, yaani ile roho inayoifanya mashine iamke na ijue kazi yake. Alinieleza kwamba mfumo ule umetengenezwa na watu wa nchi zote, kila mmoja anatoa alichonacho, na maandishi yake yako wazi, atakaye anasoma na kurekebisha. Nikamwambia hiyo ni umuganda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtu anatoka na jembe lake, barabara inachimbwa, na hakuna anayeibeba kwenda nayo kwake. Akakubali kwamba ndivyo hasa.

Basi mwaka huu, kiangazi kilipoanza, mfumo ukajifanya upya kama unavyofanya, na mashine yangu ikawa bubu. Kioo kinawaka, kila kitu kipo, sauti hakuna. Bayingana akataka kuninunulia nyingine mpya. Nikakataa. Nilimwambia nataka hii, na nataka sauti yake, kwa ajili ya nyimbo zangu za zamani. Akasema hakuna mtu mkaidi kama baba yake kuanzia hapa hadi Rusumo. Nilishukuru.

Gahongayire akaniambia kwamba kulalamika kwangu hakusaidii, nipeleke habari kwa wanaoutunza mfumo, maana hapo ndipo mgeni anapoanzia. Akaongeza kwamba wapo wageni wanaoanza na vitu vidogo, kusahihisha neno kwenye maelezo, kujaribu toleo jipya na kusema limekwendaje. Nikamuuliza kama mimi, niliyeifufua redio ya askofu, ni mtu wa kuanza na kufagia. Akasema, Muzehe, hata jembe lina mahali linaposhikwa. Ulimi wa binti huyo ungempendeza Pudentienne.

Basi nikamtajia maneno naye akayatia kwa Kiingereza. Nilianza inavyopasa. Niliwasalimu wote, nikawauliza afya za wake zao, na mvua, na kama wamevuna. Gahongayire alisema huko hawaandiki hivyo, watu wataona ni mchezo. Nilimwambia siwezi kuingia kwenye nyumba ya watu nikaanza na shida yangu kama mbwa. Akaandika huku anatikisa kichwa. Majibu yakaja. Mmoja aliuliza tu namba ya toleo, bila hodi. Lakini yule msimamizi wa mambo ya sauti, bwana wa nchi ya baridi, alijibu kwamba mkewe ni mzima, asante, na viazi vyao mwaka huu vimeoza kwa maji. Ndipo akauliza namba ya toleo. Gahongayire alisoma mara mbili.

Yule bwana akataka tumtafutie ni badiliko gani lililoua sauti, kwa sababu mashine kama yangu hana. Na mabadiliko yalikuwa mengi kama siafu. Gahongayire akaanza kunieleza njia, nami nikamkatiza, maana njia ile ninaijua tangu ndevu hazijaota.

Viateur, unakumbuka karakana ya Mzee Eustache pale Kayanga, bati linavuja juu ya ile redio ya Philips, nje watu wa mpira wanatupigia kelele tuharakishe? Eustache hakuturuhusu kupekua redio kutoka mwanzo. Alitufundisha kugusa katikati kwa bisibisi na kusikiliza. Ikinguruma, nusu ya mbele kuelekea spika ni nzima, ugonjwa uko nyuma. Kisha katikati ya ile nusu iliyobaki, kisha katikati yake tena, mpaka ugonjwa ukose pa kujificha. Wewe ulikuwa unafumba macho ukisikiliza, mimi nikakucheka kwamba unasali. Harufu ya lehemu ile bado ninayo puani. Nikipita mahali wanapochomelea, najiona nina miaka kumi na saba, na wewe umevaa shati langu bila kuniomba.

Ndivyo tulivyofanya. Binti anaweka toleo la katikati, mashine inaamka, mimi natega sikio. Bubu. Tunarudi nyuma nusu. Inasema. Tunakwenda mbele nusu ya nusu. Kumbe na wao wana chombo maalumu cha kukata katikati namna hiyo. Nikamwambia wameiba kwa Eustache. Baada ya jioni chache tulimkamata mwizi. Mtu mmoja, bila ubaya, alikuwa amefuta mistari michache akidhani kadi ya sauti kama yangu haipo tena duniani.

Yule bwana akashukuru, lakini akasema ukweli. Walikuwa wanafikiria kuziondoa kadi zote za zamani hizo, kwa kuwa hakuna anayezijaribu. Kuirudisha yangu kungehitaji mtu wa kuahidi kuijaribu kila toleo jipya. Tena akauliza, kwa adabu, mzee huyu anaitumia kwa nini hasa.

Gahongayire alikuwa ameshaanza kuandika kwamba ni kwa nyimbo. Nikamshika mkono.

Ndugu yangu, kalamu si mbovu. Nikimtazama mtu siku hizi naona masikio na mabega, uso ni moshi. Nikitazama neno, naona karatasi inayolizunguka. Nilikwenda kwa daktari peke yangu, nikamdanganya Bayingana kwamba nafuata lehemu mjini. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi. Redio natengeneza kwa vidole na masikio, na hakuna aliyegundua. Na ile kompyuta, binti alipokuwa ananionyesha mambo yake mwanzoni, alinionyesha sauti inayosoma maandishi. Nikamwambia hiyo ni ya wavivu. Alipoondoka niliiwasha. Imekuwa ikinisomea magazeti, barua za simu, na misa ya Jumapili. Ilipokuwa bubu, mimi ndiye niliyepofuka.

Binti alinionya kwamba pale kila kitu ni wazi, dunia nzima inasoma na hakifutwi, hata Bayingana anaweza kukikuta. Nikamwambia aandike hivi, mzee huyu haoni maandishi, mashine hii ndiyo inamsomea. Aliweka vidole juu ya vitufe. Kisha akaandika.

Kiraka, yaani ile mistari iliyofutwa, kimeingia, sauti imerudi. Chini ya kile kiraka pameandikwa kwamba kimejaribiwa na Rutayisire wa Nyakabanda, nami nimeahidi kujaribu kila toleo maadamu ninasikia. Jumapili nakwenda Gahanga kumwambia Bayingana mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu wa nchi ya baridi. Nitamwambia pia kwamba nina kazi niliyoahidi, na kazi hiyo inafanyika kwenye karakana yangu. Nimeanza na wewe kama tulivyofanya zamani, tukijaribu kwanza kwenye redio iliyokwisha haribika.

Limebaki moja. Posta haina kosa. Barua zako mbili zilifika, ya kwanza wakati wa mvua za masika, ya pili katikati ya kiangazi. Ziko kwenye droo pamoja na bisibisi. Nimezifungua, nimezishika, nimenusa moshi wa jikoni kwenu. Sikuzisoma, na sikutaka mtu anisomee akajua. Kama ndani yake kuna msiba, nisamehe mzaha wote nilioandika hapo juu. Gahongayire atanisomea leo jioni nikishafunga bahasha hii, maana niliogopa kwamba nikizisikia kwanza, ningeshindwa kuandika.

Ukinijibu, usinijibu kwa kalamu. Mwambie mjukuu aandike kwa simu, anwani ya kompyuta yangu nimemwomba binti aiandike nyuma ya bahasha kwa mkono wake mzuri. Mashine itanisomea kwa ile sauti yake ya bati. Nami nitafumba macho, kama wewe, nikisikiliza.

Mwenyezi awalinde nyote mlio chini ya bati hilo, na Pudentienne umwambie chai yake bado naikumbuka.

Mimi wako wa tangu Kayanga,
Rutayisire Silvère
Fundi wa redio, na mjaribu wa mfumo wa dunia