Bima ya Bravo

Jumatatu, 1 Septemba 2014

Simu imeingia saluni nikiwa na kichwa cha mteja mikononi. Kanada wametukubali tuhamie huko! Mimi na binti yangu Laetitia. Tunasafiri Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na mbili. Nimelia, mteja naye akalia, hata hanijui.

Halafu nikauliza kuhusu Bravo. Dada wa kwenye simu akapekua faili. Mbwa hayumo kwenye karatasi, akasema. Ni watu tu.

Laetitia bado sijamwambia hilo.

Jumatano, 3 Septemba

Kwa Mzee Pandu, jirani yetu hapa mtaa wa Bluff, mstaafu wa bandarini. Anaishi peke yake na Bravo anampenda. Nimemwomba abaki naye. Amekuna kidevu weee. Kumlisha ataweza, kasema, kutembea naye pia.

"Lakini akiugua, Mama Laetitia? Pensheni yangu haifiki kwa dokta wa mbwa. Nitamtazama tu akiumwa?"

Mkweli, huyu mzee. Nimemwambia nitatafuta bima.

Bima ya mbwa! Marehemu mume wangu angenicheka. Fabien mwenyewe alifia kwenye benchi la hospitali, anangoja namba yake iitwe.

Jumamosi, 6 Septemba

Mteja wangu wa mtaa wa Overport ana bima ya paka wake. Kaniletea karatasi. Iko za aina tatu. Moja ni ajali tu, akigongwa na gari. Ya pili, ajali na magonjwa. Ya tatu kila kitu, hadi meno! Ya pili naiweza, nitakuwa ninatuma kila mwezi kutoka huko. Mais, lakini, mbwa lazima apimwe kwanza.

Jioni nimemwambia Laetitia. Hakulia. Ameuliza tu: "Bravo anajua?"

Binti yangu ana miaka kumi na minne. Baba yake alipokufa alikaa miezi minne bila kusema, shuleni wakadhani ni bubu. Neno la kwanza alimwambia Bravo, mimi niko mlangoni na beseni la nguo. "Sogea," alimwambia. Sogea! Nilikaa chini palepale.

Jumanne, 9 Septemba

Dokta wa wanyama, mama mmoja mpole. Amempapasa Bravo tumbo. Akarudi palepale. Akarudi tena. Nimejua kabla hajafungua mdomo. Iko uvimbe. Labda mbaya, labda si mbaya, mpaka wapasue.

Nimemwomba asiandike hilo kwenye karatasi ya bima. Aibu yangu! Amenishika bega, akasema ataandika alichogusa kwa vidole vyake.

Nimewapigia watu wa bima. Kijana wao ana adabu sana. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga hawalipii. Mengine yote watalipa.

Mengine yapi? nimemuuliza. Akaanza kunisomea orodha. Nimekata simu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwambia Mzee Pandu ukweli wote, uvimbe na yote. Nilidhani atakataa.

"Mlete," kasema. "Tutazeeka wote."

Hapo ndipo nimelia.

Bima nimechagua ile ya pili hata hivyo. Haitagusa uvimbe, najua. Lakini nitaondokaje bila kumwachia chochote? Fomu nimempa Laetitia ajaze, Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Mwenye mbwa uandike Mzee Pandu, nimemwambia. Akaitika vizuri.

Alhamisi, 11 Septemba

Laetitia amempeleka Bravo kwa mzee tangu saa mbili asubuhi, kuagana. Saa tano hajarudi. Fomu iko mezani. Mwenye mbwa: Laetitia. Anwani: hii hii ya Bluff. Amepiga mstari chini yake, mara mbili.

Eish. Nimekimbia hadi kwa mzee, na daftari hili mkononi badala ya simu.

Laetitia amejifungia na Bravo chumba cha nyuma. Nimegonga. Nimebembeleza. Nimefoka — Mungu anisamehe.

"Mama, wewe nenda," kasema kutoka ndani. "Atapasuliwa, na lazima awe na mtu wake."

Hana hasira hata kidogo. Hiyo ndiyo inanitisha. Tukikosa ndege ya kesho hawatatuita tena, walisema wazi.

Nimekaa sakafuni kwenye korido, naandika. Mzee Pandu ameuliza polepole kama afungue kitasa. Nimemwambia angoje. Ameenda akaleta bisibisi. Amekaa karibu yangu nayo, ananitazama.

Ngoja, mzee. Ngoja kwanza, labda atafungua mwenyewe —