Nilivyomtafsiria Baba kwa Mshauri

Jumanne

Na bado siamini ni mimi niliyeongea mbele ya mtu mgeni.

Baba alikubali kumwona mshauri wa kanisa la Mama, lakini Kiswahili chake ni cha kuuzia sufuria dukani tu. Akaongea Kichina: kwamba hucheza kamari na Wachina wenzake hadi asubuhi, kwamba ameshindwa kuacha, kwamba Mama amesema akiendelea, mimi na Mama tunahamia kijijini Wamagana kwa cucu, nyanya yangu mzaa Mama.

Mimi nikatafsiri, "Baba hucheza kidogo tu, akichoka na kazi."

Upande wa Baba, aibu ya nyumbani haitoki nje. Nimezoea hata kuwaambia wageni ati ana malaria, akilala mchana kutwa.

Baba akanitazama, kisha akamgeukia mshauri. "Si kidogo," akasema kwa Kiswahili. "Sana. Mimi nashindwa."

"Msichana, usimpunguzie mzee," mshauri akaniambia. "Sema vile amesema."

Nikaanza upya, nikasema yote.

Mwishowe mshauri akatuambia turudi wiki ijayo. Baba akauliza, "Kesho hapana?" Mama, aliyekuwa ameketi kando yake, akacheka.

Sasa hivi Mama amepita mlangoni pangu akasema tu, "Lala, kesho shule." Nadhani hatuhami.