Maneno ya Jiwe la Baba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, umfikishie shemeji zake, na mpwa wangu zake, yule anayetaka kujua kila kitu. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na afya. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Tangu msiba nimekuwa mkavu tu, sijatoa hata chozi.

Barua yako ilikuwa na maombi mawili. Nianze na lile jepesi. Mpwa wangu anataka kuwaeleza wenzake shuleni mjomba wake ameigiza kama nani. Mwambie nilianza kwa kuvuta pazia, ndiyo maana mama yake ananiita Bwana Pazia. Kisha nikawa miguu ya nyuma ya punda. Ya mbele alikuwa fundi cherehani wa kikundi chetu cha maigizo, na tukapotezana mbele ya watu. Nikawa maiti msimu mzima. Siku ya kwanza nilipiga chafya, watu wakacheka mpaka mwongozaji akaamuru chafya ibaki. Nimekuwa karani, shahidi, mgeni aliyekosea nyumba. Ukumbi ni ule ule wa viti themanini vya plastiki, na hadithi haijawahi kunihusu mimi.

Mwaka huu nimekuwa daktari. Naingia mara moja, karibu na mwisho, nimevaa koti jeupe. Navua miwani, namwambia binti wa marehemu maneno yangu, natoka. Nimeyasema mara arobaini na moja.

Sasa ombi la pili. Unasema mchonga mawe yuko tayari, na unataka nikuandikie neno kwa neno yale niliyokwambia kwenye simu siku baba alipofariki, ili yachongwe kwenye jiwe lake. Unasema ndiyo yaliyokurudishia usingizi. Miaka minane baba hakusema nawe, tangu uolewe na mtu aliyemkataa, na sentensi ile ikayamaliza yote. Nimeanza kuyaandika mara tatu, na mara tatu nimeichana karatasi.

Ilikuwa Jumamosi, tulikuwa na onyesho la mchana. Wakati wa mapumziko muuguzi alinipigia akasema hali ya baba imebadilika, nisikawie. Nilikuwa nimebakiza kuingia mara ile moja. Nikajiambia ni dakika ishirini tu. Nilisema maneno yangu, watu wakapiga makofi, nikatoka mbio na koti lile mwilini. Kwenye ujia wa hospitali mama mmoja alinishika mkono akiuliza mume wake anaendeleaje. Nilimwambia amuulize muuguzi. Nilipofika kitandani, shuka lilikuwa limeshavutwa mpaka juu.

Nikakupigia nikiwa nimesimama pale pale. Ukaniuliza alisema nini. Mdomo ukajibu wenyewe: "Hakuumia. Alilala tu, na neno lake la mwisho lilikuwa jina lako."

Dada, hayo ni maneno ya daktari wa mchezo. Sikuwepo baba alipokata roho. Hata miwani niliivua, kama jukwaani. Nilikusikia ukilia, nikajua nimeyasema vizuri, na hilo linanitia aibu kuliko uongo wenyewe. Usiyachonge. Ukitaka kunichukia una haki.

Juzi nilirudi kumuuliza muuguzi, naye alikumbuka. Baba hakutaja jina la mtu. Sakafu ilikuwa inapigwa deki, akaomba viatu vyake vipandishwe juu ya kiti visije vikalowa. Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho. Viatu vyenyewe nilikabidhiwa kwenye mfuko siku ile ile, nikausukuma chini ya kitanda bila kuutazama. Jana nimeufungua. Ni vile vyeusi ulivyomtumia miaka mitatu iliyopita, ambavyo aliniagiza nikwambie amempa mlinzi. Mimi nilikuwa namkuta nyumbani na kandambili siku zote. Dada, visigino vimelika upande, na soli imeshonwa upya.

Sijui kama hilo linachongeka kwenye jiwe. Niambie nivitume au nije navyo mwenyewe.

Msalimie kila anayeniulizia. Leo nimepiga deki chumbani kwangu, nimevipandisha juu ya kiti.

Ni mimi mdogo wako,
Bwana Pazia