Shati la Kumlaza Kishindo

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila mbwa wako ananitoa roho. Tangu uondoke, Kishindo hataki kula. Kalala mlangoni kwako analia kama mjane. Nimempa mifupa yenye nyama, kaigeuzia mgongo. Jirani yetu fundi viatu anamtaka akalinde banda lake. Mwezi ukiisha bado hali kitu, namtoa. Sikuzaa mbwa mimi.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo mama,

Mimi mzima kama chuma. Usimtoe! Unaongea na mtaalamu sasa. Hapa kazini naosha mbwa wa wakubwa kwa shampuu na maji ya vuguvugu, nawakausha kwa mashine, nawakata kucha. Jana tajiri mmoja kaniita daktari. Nikanyamaza, ya nini kumsahihisha mtu mzima? Sasa sikia siri ya kazi: mbwa anaishi kwa pua. Nakutumia shati langu la kazini. Mtandikie alalie, ataninusa, atakula.

Daktari, yaani mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu inaniuma, lakini tuyaache hayo. Shati limefika, linanuka mpaka dereva wa basi kalishika kwa vidole viwili. Nimelifua, nikalianika, nikalipiga pasi, ndipo nikamtandikia. Hakulitazama hata. Utaalamu wako ndio huo?

Mama yako

21 Machi

Mama!

Shikamoo, na pole ya miguu. UMELIFUA? Na pasi juu! Mama, harufu ndiyo dawa yenyewe! Wewe umemtandikia sabuni! Haya, nakutumia jingine. Nimelivaa wiki nzima, wenzangu wamenitengea meza yangu peke yangu. Usilifue. Usilisuuze. Hata kulikung'uta, usilikung'ute. Na umwingize ndani, mbwa wa siku hizi hawalali nje. Nakusihi mama, fundi asimchukue.

Mwanao

12 Aprili

Shikamoo mama,

Mbona kimya? Mwezi umeisha zamani. Kishindo yuko wapi? Hata kama yuko kwa fundi, niambie tu. Siku hizi hata kuringa siringi, wenzangu wanadhani naumwa. Nimepewa ruhusa, Jumamosi nakuja kumchukua.

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kimya kimeletwa na shati lako. Kulinusa tu, Kishindo akabweka, akalirarua vipande vipande. Lina mbwa wote wa huko ndani yake, ila wewe mwenyewe hupo. Nikachoka. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikamtandikia huku namgombeza kama ninavyokugombeza wewe. Akakilalia. Asubuhi akala.

Sasa analala miguuni pangu, kitandani, na ole wako ucheke. Fundi alipokuja kumchukua nikamwambia akanunue kufuli.

Jumamosi njoo, ila kumchukua sahau. Na uoge bombani kabla hujaingia, asije akakung'ata. Lile shati nililolifua lipo. Nimelipiga pasi tena. Utavaa hilo.

Mama yako