Niliwadanganya Kuhusu Jiwe Lako

Nyamhanga, mwenzangu,

Barua ulikuwa unasomewa hata ulipokuwa hai, kwa hiyo tafuta mtu huko akusomee na hii. Asiwe mchungaji.

Tangu tukuzike, mlima umejaa watu. Dhahabu imeonekana pale chini mbuzi wako walipokuwa wanalala. Vijana wa Geita, wa Singida, wote wamekuja na sululu, na mashimo yao, wenyewe wanayaita maduara, yamepanda mpaka karibu na jiwe lako. Lile ulilokuwa unalitemea unga wa wimbi kabla ya kupanda shamba, mimi kando nakuuliza, "Maana yake nini?" na wewe unajibu, "Shika kibuyu, acha maneno."

Sasa maneno ni mengi. Mchungaji anasema ni shetani. Mganga aliyekuja na wachimbaji anasema jiwe linataka mbuzi mwekundu. Binti wa chuo kikuu, ana adabu huyo, shikamoo yake inakuingia mpaka mgongoni, anasema ni madhabahu ya mababu. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano: kama ni mahali pa mila, paachwe, kama sivyo, wachimbe. Wote wakanigeukia. "Mzee Chacha, wewe ndiye uliyekuwa unapanda naye."

Ulimi wangu unaujua. Nikasema, anayechimba pale husahau jina la mama yake.

Nilidhani watacheka. Wachimbaji wakaweka sululu chini. Binti akaandika. Wiki ya pili nikakuta wageni wamevua viatu mbele ya jiwe, wanataja majina ya mama zao kwa sauti! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha akaja Marwa wako. Mwanao mwinjilisti, ambaye hakukanyaga pale tangu abatizwe, na mkaacha kusemezana kwa ajili hiyo. Akasema, "Baba mdogo, nimesoma karatasi ya yule dada. Kumbe baba alikuwa anamkumbuka bibi. Ningejua, ningepanda naye." Akalia, mwanaume mzima. Nami, mzee mpumbavu, nikampa chai.

Tangu siku hiyo situlii. Naanza kupalilia, naacha mstari katikati. Naenda kwa jirani, nafika mlangoni, narudi. Nimempa mwanao baba ambaye si wewe.

Leo asubuhi nimemwambia. Ile ya jina la mama niliitunga mimi. Baba yako alikuwa anasema nini na lile jiwe, sijui.

"Sasa nani anajua?"

"Aliyejua tumemzika."

Ameondoka bila kuniaga. Ana haki.

Kesho kutwa kuna mkutano tena. Nakuahidi, nitasimama niseme hivyo hivyo. Sijui. Mchungaji hajui, mganga hajui, na binti ameandika uongo wangu kwa mwandiko mzuri. Nitawaomba wapaache kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hatujui. Huenda wakacheka wakachimba. Naogopa, Nyamhanga, na unajua mimi si mwoga. Siku tuliyotahiriwa wewe ndiye uliyekunja uso, nami nikakufichia miaka yote.

Wakiling'oa, nitakuwepo. Nitasimama pale na kofia mkononi, nimefunga mdomo, kwa mara ya kwanza maishani.

Lala, mwenzangu. Usinicheke sana.

Chacha