Sikio la Kushoto la Mwalimu Kithinji

Ijumaa, jioni. Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Nimefagia veranda mara mbili na bado unaweza kupanda mahindi juu yake.

Kwa majonzi makubwa naitangazia Isiolo nzima, na viunga vyake vyote hadi Leparua, kwamba kuanzia leo mimi, Akiru, mwimbaji wa kwaya kwa miaka ishirini na mbili, nimehamishwa rasmi kutoka mstari wa mbele hadi mstari wa nyuma, pale dirishani, ili sauti yangu ipate njia ya kutokea. Mwalimu wa kwaya, kijana mwenye adabu zake, alinivuta kando baada ya mazoezi. "Mama, tunakupenda sana," akaanza. Mtu mzima akisikia maneno hayo achukue pochi yake.

Sababu ni mazishi ya kesho. Tunamzika Mwalimu Kithinji, na familia ingependa nyimbo ziende sawa.

Mwalimu alikuwa mtu wa Meru. Aliteremka huku akiwa kijana, na sanduku la bati na koti zito ambalo jua letu lilimvua kabla ya wiki kuisha. Alifundisha nusu ya mji huu, halafu akafundisha watoto wao. Alipostaafu aliendelea kuwaandikia watu barua za ofisini, kusuluhisha wenye mbuzi na wenye bustani za mboga, na kuhudhuria harusi za Waislamu na za Wakristo kwa njaa ile ile. Hata kuzikwa, alikataa kurudishwa mlimani. Alisema kule kuna baridi.

Na kila mtu anajua habari ya sikio lake.

Lile la kushoto halikusikia chochote. Darasani sote tuligombania kuketi upande huo, maana hapo unaweza kunong'ona mpaka ukauke koo. Sababu ya uziwi wake mji mzima unaijua: ni mimi. Nilikuwa mwimbaji wa sauti kubwa kuliko wote darasa la nne, na kwa wimbo nilikuwa kama punda anayedai maji. Basi ikasemwa kwamba Akiru aliimba karibu na Mwalimu, sikio likakata tamaa.

Leo nimeshinda kwa Mama Kendi, mjane wake, nikichambua mchele. Hakulia. Aliniambia kesho nitapewa dakika tano za kusema kwa niaba ya wanafunzi wa zamani. "Useme ile ya sikio," akasema. "Watu wacheke kidogo. Mwenyewe aliipenda."

Jioni hii Galgalo naye amenipigia simu. Tulisoma darasa moja. Sasa ni mzee wa msikiti mwenye ndevu nyekundu za hina, na bado ananichokoza kama tuko dawati moja. Salaam aleikum, habari ya mchele, habari ya vumbi, kisha: "Akiru, kesho usiimbe. Marehemu amekwenda kupumzika."

Nilicheka. Nikakata simu, nikaketi hapa kuandika hotuba.

Haiandikiki.

Ile ya sikio nimeisimulia kwenye harusi, kwenye harambee, hata hospitalini nikisubiri daktari. Kila mwaka inanoga zaidi. Shida yake ni moja: si kweli. Ukimtoa mwanajeshi mmoja ambaye sikuwahi kujua jina lake, tulioijua kweli tulikuwa wawili, na mmoja anazikwa kesho saa sita.

Basi niiandike hapa kwanza, kabla sijaipamba.

Ilikuwa miaka ya vita vya Shifta, waasi waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya. Nilikuwa na miaka kumi. Familia za Waborana, kama ya Galgalo, zilikuwa zimekusanywa karibu na mji, na kutoka bila kibali lilikuwa kosa. Ngamia walionekana kama mali ya adui. Walipigwa risasi au wakachukuliwa. Sisi Waturkana wa mjini tulipita vizuizi kwa urahisi kidogo, na mimi nilidhani ni kwa sababu ya tabia yetu njema.

Wino ulikuwa haba shuleni, kwa hiyo Mwalimu alikuwa na namna yake ya kuita majina. Kila mtoto alichagua jiwe lake mwenyewe kutoka mto mkavu. Mawe yalilala katika kopo la majani ya chai. Ukifika asubuhi unatoa jiwe lako, unaliweka dirishani. Saa nne kiranja anatazama kopo: jiwe lililobaki, mwenyewe hayupo. Ndipo Mwalimu anaandika rejista, mara moja kwa siku, bila kufuta. "Jiwe halina binamu," alizoea kusema. Maana yake, halimpendelei mtu.

Kiranja nilikuwa mimi. Sijawahi tena kupata cheo kikubwa hivyo.

Jumanne moja jiwe la Galgalo, jeupe kama jino, lilibaki kwenye kopo. Nikamwambia Mwalimu. Aliniitikia, akaandika. Sikuona alichoandika.

Alhamisi yake wanajeshi walikuja. Mmoja wao, ofisa, alisimama verandani na kuomba rejista. Jumanne, upande wa Leparua, walikuwa wameona nyayo ndogo za miguu mitupu pamoja na za ngamia. Walitaka kujua mtoto gani hakuwa shuleni siku hiyo. Waliamini watoto ndio wanaowapelekea Shifta chakula msituni. Ukweli, ambao Galgalo anausimulia hadi leo kwa majigambo, ni kwamba alikwenda kumficha ngamia wa mwisho wa nyanya yake.

Rejista ilisema Jumanne wote walikuwepo.

Ofisa akaifunga. Angeondoka. Lakini aliniona mlangoni nikiwa na kopo langu, akauliza ni la nini. Mwalimu akasema ni mchezo wa watoto.

Mchezo! Kazi yangu!

Nikamweleza afande yote, kwa Kiswahili safi, mikono nyuma. Akainama mpaka uso wake ukalingana na wangu. Akauliza kama Jumanne kuna jiwe lililobaki.

"Moja, afande. La Galgalo."

Miaka yote nimejiambia nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa mtoto na nilifundishwa kusema kweli. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba wiki ile Galgalo alikuwa amenipita kwenye hesabu kwa alama mbili.

Mwalimu hakunitazama. Alisema makosa ni yake: alimtuma kijana kuni za jikoni la shule, akamwandika yupo kwa uvivu. Alirudia maneno hayo mara tatu, bila kupandisha sauti. Mara ya tatu ofisa alimpiga kofi la sikio la kushoto. Kofi moja. Sauti yake haikuwa kubwa. Ndani darasa lilikuwa likiimba jedwali la saba na halikusikia kitu.

Kabla ya kupandishwa lori la wanajeshi, Mwalimu alichungulia mlangoni akatuambia anakwenda kozi ya walimu, tufanye ukurasa wa thelathini. Tuliufanya. Galgalo alimaliza wa kwanza. Hakuna aliyemgusa.

Kozi ilichukua karibu wiki tatu. Mwalimu alirudi amekonda, akigeuza kichwa kama kuku kila tulipomsemesha. Mtu akauliza sikio limefanya nini. "Ni kuimba kwenu," akasema. Darasa zima likanigeukia mimi, likacheka, na hapo hadithi ikazaliwa. Hakuitunga yeye. Aliiacha tu iishi.

Siku hiyo hiyo, wenzangu walipotoka, nilibaki. Alikuwa akisahihisha madaftari. Nilisimama kando yake nikasema, "Mwalimu, ni mimi niliyesema."

Hakuinua kalamu.

"Akiru, upande huo sisikii siku hizi."

Nilikuwa nimesimama kushoto kwake. Meza ilikuwa ndogo. Kuizunguka hadi kulia ni hatua nne, labda tano kwa miguu ya mtoto.

Sikuzunguka. Nilichukua kopo, nikaenda nyumbani, na tangu siku ile, kila nilipoketi na Mwalimu Kithinji, kwenye harusi, kanisani, kitandani kwake mwezi uliopita, niliketi kushoto.

Kesho Galgalo ataketi mbele, akingoja kucheka.